NYUMBA ZA KALE ZA KISIWA CHA BARBADOS

Barbados ni kisiwa kidogo kilicho upande wa mashariki wa visiwa vya Karibi. Urefu wake ni kama maili 21 na upana wake maili 14, hata mwenye motokaa aweza kukizunguka kwa siku moja. Waingereza walianza kukaa huko mwaka 1627, na tangu miaka ya 1640 sehemu kubwa ya kisiwa iligeuzwa kuwa mashamba ya miwa. Kazi ya mashamba hayo ilifanywa na Waafrika waliochukuliwa utumwani kwa merikebu. Kisiwa kilipata uhuru mwaka 1966, na mwaka 2021 kikawa jamhuri. Wageni wengi huenda huko kwa ajili ya pwani yake nzuri, lakini mwenye hamu ya kujua habari za watu hufanya vema kuyatazama majengo yake.

Jumba lenye sifa kuu ni St. Nicholas Abbey, lililoko kaskazini. Jina hilo humfanya mtu adhani kwamba ni nyumba ya watawa, lakini halikuwa hivyo kamwe. Lilijengwa yapata mwaka 1658 na mwenye shamba la miwa, Kanali Benjamin Berringer. Kisiwa chenyewe ni cha matumbawe, na kuta za jumba ni za mawe hayo, kama zilivyo nyumba za kale za Lamu na Mombasa. Ila umbo lake ni la Uingereza tupu. Ndani mna hata meko za kuotea moto, jambo la ajabu katika nchi isiyojua baridi.

Jumba jingine la zamani hizo ni Drax Hall, ambalo ukoo wa Drax umelishika kwa zaidi ya miaka 300. Mwaka 2024 serikali ilitaka kununua sehemu ya ardhi yake ili kuwajengea raia nyumba. Watu wengi waliuliza kwa nini fedha za umma zimlipe mrithi wa wale waliomiliki watumwa, na mpango huo ukasimamishwa.

Katika mji mkuu, Bridgetown, huonyeshwa nyumba aliyokaa George Washington mwaka 1751, alipokuwa kijana wa miaka 19, kabla hajawa mtu mkuu wa Marekani. Huko aliugua ndui, akapona.

Penye kilima cha Gun Hill pana mnara wa ishara uliojengwa mwaka 1818. Sababu yake yafaa kukumbukwa. Miaka miwili kabla ya hapo watumwa waliasi, wakiongozwa na Bussa, naye akauawa katika mapigano. Ndipo serikali ya Waingereza ikajenga minara juu ya vilima, ili askari wapashane habari upesi kwa bendera kama maasi yangetokea tena. Leo watu hupanda huko kutazama mandhari, nayo ni mazuri kweli.

Kinu cha upepo cha Morgan Lewis kilisaga miwa hadi mwaka 1947. Upepo uliyazungusha matanga yake, nayo yakazungusha magurudumu mazito yaliyokamua miwa, na maji yake yakaenda kuchemshwa yawe sukari.

Lakini wale waliokata miwa hiyo wako wapi? Penye shamba la Newton pana makaburi ya watumwa wapatao 570. Kwa miaka mingi hapakuwa na jengo wala jiwe lenye jina. Palikuwa uwanja wa majani tu. Wataalamu walipochimba katika miaka ya 1970 waliona mifupa ya mzee mmoja aliyezikwa na mkufu wa shanga za kioo, meno ya mbwa na kauri saba, zile kauri ambazo watu wa pwani yetu wanazijua sana. Wataalamu hao waliona kwamba huenda alikuwa mganga.

Utumwa ulikomeshwa kwa sheria mwaka 1834, ingawa watu hawakuwa huru kabisa mpaka 1838. Hapo ndipo ilipozaliwa nyumba ambayo ni ya Barbados hasa. Mtu huru hakuwa na ardhi. Alikaa katika kiwanja cha mwenye shamba, na akikosana naye aliweza kufukuzwa. Kwa hiyo alijenga nyumba ndogo ya mbao, akaiweka juu ya mawe yaliyopangwa bila kushikizwa chini. Siku ya kufukuzwa aliibomoa ubao kwa ubao, akaupakia mzigo wake katika mkokoteni, akaijenga penginepo. Kwa Kiingereza huitwa chattel house, yaani nyumba iliyo mali ya kuhamishika. Mlango huwa katikati, na dirisha kila upande. Chumba kikihitajika huongezwa nyuma. Kwa ustadi wa kazi, nyumba hizi hazishindwi na majumba ya mawe.

Mwaka 1980 ilipitishwa sheria iliyowapa wapangaji wa siku nyingi katika viwanja vya mashamba haki ya kuvinunua, kwa bei ya senti 10 za huko kwa futi moja ya mraba. Wengi walinunua, wakaanza kuongeza vyumba vya matofali nyuma. Mpaka leo mtu apitaye njiani huona mbele ya nyumba kama hizo ule ukuta wa mbao wa zamani, na kando ya mlango madirisha yake mawili.