Programu ya bure, ya wizi na huria: jua tofauti kabla hujaweka hesabu za duka

Umenunua kompyuta ya mtumba kwa ajili ya duka. Fundi anachomoa flashi yake, anakuwekea programu ya hesabu "ya bure", na kabla hajaanza anazima kinga ya virusi eti isisumbue. Kesho yake unaifungulia barua pepe na taarifa ya malipo ya till yako kwenye kompyuta hiyo hiyo. Je, uko salama?

Hapana. Hiyo si programu ya bure, ni ya wizi. Kawaida huuzwa, ila kuna mtu amevunja kufuli yake. Mtu huyo humjui, na hujui ameacha nini ndani. Anaweza kuficha kijiprogramu kinachorekodi kila kitu unachoandika, nywila zikiwemo. Tena, programu ya namna hii mara nyingi haipati masasisho, kwa hivyo hata dosari zinazojulikana hubaki bila kuzibwa.

Huria ni nini basi?

Programu huria ni ile ambayo maagizo yake yako wazi. Yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kumpa mwenzake. Nyingi hazilipishwi, na kumpa jirani nakala si kosa.

Huenda unaitumia tayari. Simu za Android zimejengwa juu ya Linux, kazi iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Hapa kwetu, Ushahidi ilitengenezwa mwaka 2008 kuonyesha kwenye ramani ripoti za ghasia za baada ya uchaguzi. Kwa kuwa ilikuwa huria, ilitumika Haiti baada ya tetemeko la 2010. OpenMRS, ya kuweka rekodi za wagonjwa, ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006. Nao majirani zetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kuleta Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Hawakuhitaji kungoja kampuni ya ng'ambo ione faida kwanza.

Inakusaidiaje na pesa zako?

Jaribu LibreOffice. Ina Calc, jedwali la kufanyia hesabu, na hulipi leseni. Fanya hivi:

1. Ipakue kutoka libreoffice.org, si kwa flashi ya mtu. Ni zaidi ya MB 300, kwa hivyo tafuta Wi-Fi au bando la kutosha.
2. Fungua jedwali lenye safu nne: tarehe, maelezo, pesa iliyoingia, pesa iliyotoka.
3. Kila Jumamosi linganisha jedwali na taarifa ya till yako. Kama kuna tofauti, itafute siku hiyo hiyo, kumbukumbu ikiwa bado mbichi.
4. Weka nakala kwenye flashi yako mwenyewe, na usiiache imechomekwa.

Tusidanganyane

Huria haina maana kwamba haiwezi kuharibika. Desemba 2021 ilitangazwa dosari kubwa kwenye Log4j, programu huria inayotumika kwenye seva nyingi duniani. Marekebisho yalitolewa haraka, lakini aliyechelewa kusasisha aliacha mlango wazi. Kwa hivyo, masasisho yakija, yakubali.

Pia kuna gharama nyingine. Utatumia muda kujifunza, na pengine utamlipa fundi akufundishe. Faili ya zamani huenda ikafunguka ikiwa imepangika vibaya kidogo. Jaribu na nakala kwanza, usianze na daftari lako lote.

Na kwenye simu?

Kuwa mwangalifu na programu unazotumiwa kwenye magrupu, pamoja na zile WhatsApp "zilizoboreshwa". Kubadilisha programu ya mwenyewe bila ruhusa hakuifanyi kuwa huria. Chukua programu za pesa kutoka duka rasmi la simu yako pekee.

Na hili tunalirudia kila mara: PIN yako ni yako. Fundi haihitaji ili akuwekee programu, na sisi hatutakupigia kukuuliza. Kama uliwahi kuiandika kwenye kompyuta usiyoiamini, ibadilishe leo kupitia simu yako, kisha ukague miamala yako ya karibuni. Ukiona usiyoijua, tupigie mara moja.