Majibu ya damu yanavyoharibika kabla ya kufika kwenye mashine

Wafanyabiashara wa mipakani wanaujua uzito wa karatasi ya maabara. Mei 2020, malori yalipanga foleni za kilomita nyingi Malaba na Busia, madereva wakisubiri majibu ya korona. Vipimo vile vilichukuliwa puani na kooni. Vipimo vya damu vya kisukari, figo au kundi la damu havisimamishi lori, lakini ndivyo vinavyoamua mtu anywe dawa gani, na pengine kwa maisha yake yote.

Majibu yakitoka na utata, lawama hutupiwa mashine. Tafiti zinaonyesha vingine. Inakadiriwa kuwa asilimia 60 hadi 70 ya makosa yote ya maabara hutokea kabla damu haijaingia kwenye mashine: wakati wa kuichukua, kuiandika jina, kuihifadhi na kuisafirisha.

Sukari inayopotea njiani

Damu iliyo ndani ya kichupa bado ina uhai. Chembe zake huendelea kula sukari, na katika joto la kawaida la chumba kiwango hushuka kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa.

Hesabu yake ni rahisi. Mtu ambaye hajala tangu usiku anatolewa damu asubuhi katika zahanati ya mpakani isiyo na mashine. Sukari yake ni 7.5, wakati kisukari huhesabiwa kuanzia 7.0. Kichupa kinapakiwa kwenye bodaboda na kupimwa mjini baada ya saa nne. Kufikia hapo kinaweza kusomeka kati ya 5.6 na 6.1. Mgonjwa anaambiwa hana kisukari, anaendelea na safari zake, huku ugonjwa ukila macho na figo taratibu.

Dawa yake si ngumu. Kipo kichupa chenye kifuniko cha kijivu kilichowekwa kemikali ya kupunguza ulaji huo wa sukari, na ni vyema damu itenganishwe na chembe zake mapema.

Anayepimwa nchi mbili aangalie pia kipimo kilichoandikwa. Sukari ya 7.0 katika maabara moja ni 126 katika nyingine inayotumia miligramu. Ni kama shilingi ya Kenya na ya Uganda: tarakimu pekee haitoshi kujua thamani.

Chembe zikipasuka

Sababu inayoongoza kwa sampuli kukataliwa maabara ni kupasuka kwa chembe nyekundu. Damu ikivutwa kwa nguvu kwa bomba la sindano, ikisukumwa kichupani kupitia sindano nyembamba au ikitikiswa badala ya kugeuzwa polepole, chembe hupasuka na kumwaga potasiamu iliyokuwa ndani yake. Majibu huonyesha potasiamu ya juu, hali ambayo ikiwa ya kweli inaweza kusimamisha moyo. Mtu mzima wa afya anaweza kupelekwa wodini kwa hatari ambayo haipo.

Hata kukunja na kukunjua ngumi ili mshipa uonekane hupandisha potasiamu. Mpira wa kufunga mkono nao haushauriwi kukaa zaidi ya dakika moja.

Kosa jingine ni kumimina damu ya kichupa cha zambarau kwenye chekundu pale damu inapopungua. Cha zambarau kina dawa ya kuzuia damu isigande, na mara nyingi dawa hiyo ina potasiamu. Ikihamia kichupa kingine, hupandisha potasiamu na kushusha kalsiamu, ingawa mgonjwa hana tatizo lolote.

Jina lisilo lake

Kosa la hatari kuliko yote halihitaji kemikali. Ni damu ya mtu mmoja kubandikwa jina la mwingine. Mgonjwa akiwekewa damu ya kundi lisilolingana na lake, anaweza kufa. Kwa msafiri ambaye jina la kwenye pasi ni tofauti na analoitwa sokoni, mwanya huo ni mpana zaidi. Utaratibu mzuri ni mgonjwa kutaja mwenyewe majina yake kamili na tarehe ya kuzaliwa, kisha kichupa kiandikwe palepale mbele yake.

Nyota za Kigali

Mwaka 2009, jijini Kigali, Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika lilizindua mpango wa kuzipa maabara nyota, kutoka sifuri hadi tano, kadiri zinavyokaribia viwango vya kimataifa. Mwaka uliofuata shirika hilo lilitoa mwongozo wa uchukuaji salama wa damu. Faida kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki iko wazi: majibu ya Arusha yakiaminika Kampala, mgonjwa halipii kipimo kilekile mara mbili. Lakini nyota za maabara ya mjini hazisaidii sampuli iliyoharibikia kwenye zahanati iliyoituma.

Kwa hiyo anayepimwa ana haki ya kuuliza mambo manne kwa upole: damu itapimwa wapi, itafika saa ngapi, kichupa kimeandikwa jina gani, na saa ya kutolewa imeandikwa? Jibu likipingana na hali ya mwili, aombe sampuli mpya kabla ya kuanza au kuacha dawa. Mfanyabiashara hapokei mzigo bila kukagua lebo na tarehe, na damu yake haistahili uangalifu mdogo kuliko huo.