Gadenia ikigeuka manjano, tazama udongo kwanza

Ndugu msikilizaji, wenye bustani mjini Shinyanga huniuliza swali lile lile kila kiangazi. Mbona gadenia waliyoinunua ikiwa kijani na yenye matumba ya maua, baada ya miezi michache imekuwa manjano? Wengine hulaumu joto la Usukumani. Wengine humwaga mbolea, kisha majivu, kisha maji ya kufulia. Mimi nasema tunamtibu mgonjwa kabla ya kuujua ugonjwa.

Gadenia inayouzwa kwenye vitalu vyetu asili yake ni China na Japani. Ni ya ukoo mmoja na mbuni, na hupenda udongo wenye uchachu. Sasa tuutazame udongo wetu, ambao Wasukuma waliupa majina zamani. Luseni ni kichanga. Ibushi una chokaa. Mbuga ni ule mfinyanzi mweusi unaonata masika na kupasuka kiangazi. Chokaa huyafungia madini ya chuma, mizizi isiweze kuyanyonya. Ni chakula kilichofungiwa stoo, na ufunguo hakuna.

Dalili zake ni rahisi kuziona. Majani machanga yakigeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, hiyo ni njaa ya chuma. Yakianza yale ya zamani ya chini, huenda mbolea imepungua. Majivu na maji ya sabuni huondoa uchachu, kwa hiyo huongeza ugonjwa badala ya kuuponya.

Basi tufanyeje? Usiipande gadenia moja kwa moja kwenye mbuga, kwani maji yatatuama na mizizi itaoza. Tumia chungu, au debe lililotobolewa chini. Changanya luseni na mboji ya majani yaliyooza, nusu kwa nusu. Liweke mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha alasiri, na utandaze majani makavu juu ya udongo.

Kuhusu maji, yaliyo bora ni ya mvua. Kinga ya paa lako na uyahifadhi kwenye pipa lenye mfuniko. Mwagilia udongo wa juu unapokauka kiasi cha kina cha kidole. Kuisahau wiki nzima, kisha kuifurikisha siku moja, ndiko kunakodondosha matumba. Matawi yapunguzwe mara maua yanapokwisha, si baadaye, usije ukakata matumba ya msimu ujao.

Kwa ndugu zetu wa Geita na Kahama nina onyo. Mchanga wa kujazia chungu usiuchukue kwenye marudio wala kwenye mialo ya kuoshea dhahabu. Wachimbaji wadogo hukamatia dhahabu kwa zebaki, na sehemu yake hubaki mchangani. Ni kweli gadenia hailiwi, lakini watoto huchezea udongo wa bustani, na chungu cha ua leo kesho hupandwa mchicha. Zebaki hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, na wanaoumia zaidi ni watoto na mimba. Hakuna ua linalostahili bei hiyo.

Na yule ambaye ndoo ya maji kwake ni ya kupikia tu? Asikate tamaa. Tunayo gadenia yetu ya porini, ambayo wataalamu huiita Gardenia ternifolia. Huvumilia ukame na hata moto wa mbugani. Maua yake huchanua meupe yenye harufu nzuri, kisha hugeuka manjano, na hapo manjano si ugonjwa. Hukua polepole, basi inataka subira. Usiing'oe kwenye ngitili, hifadhi ambazo mpango wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulisaidia kuzirudisha. Omba tunda lililokomaa kwa mwenye ngitili, uoteshe mbegu zake nyumbani.

Ndugu msikilizaji, kabla ya kununua mche mwingine, shika kwanza udongo wako mkononi. Hadi wiki ijayo, kwaheri.