KUTAFUTA CHUMBA CHA KUPANGA LONDON

Mtu atokaye Afrika ya Mashariki kwenda London kusoma au kufanya kazi hufikiri sana juu ya nauli na karo, lakini mara nyingi husahau jambo la malazi. Kumbe kodi ya nyumba ndiyo ilayo sehemu kubwa ya fedha zake, na asiyejihadhari aweza kupoteza kwa siku moja mapato ya kahawa ambayo jamaa zake waliyakusanya mwaka mzima.

Jambo la kwanza ni mahali. Kwa ajili ya nauli za treni, mji wa London umegawanywa katika kanda, na ya kwanza ni ile ya katikati. Kwa kawaida kodi hupungua kadiri mtu aendavyo mbali, lakini nauli huzidi. Basi yampasa kujumlisha kodi na nauli kabla ya kusema kwamba chumba ni rahisi. Aliye peke yake hupata nafuu katika nyumba ya kushirikiana, ambamo jiko na bafu ni vya wote.

Jambo la pili ni hesabu. Matangazo mengi hutaja kodi ya juma moja. Mgeni huzidisha kwa 4 na kudhani kuwa amepata kodi ya mwezi; sivyo, kwa maana mwaka una majuma 52. Chumba cha pauni 200 kwa juma ni pauni 10,400 kwa mwaka, yaani zaidi ya pauni 866 kwa mwezi, wala si 800.

Jambo la tatu ni sheria. Hadi mwaka 1968 mwenye nyumba aliweza kumkataa mtu kwa sababu ya rangi yake bila kuvunja sheria. Mwaka huo Bunge likakataza. Tena, tangu mwaka 2019 wakala haruhusiwi kumtoza mpangaji ada ya kuonyeshwa nyumba wala ya kuandikiwa mkataba. Fedha za kushikia chumba zisizidi kodi ya juma moja. Amana nayo, ikiwa kodi ya mwaka haifiki pauni 50,000, isizidi kodi ya majuma matano, na hutiwa katika mpango wa hifadhi uliokubaliwa na Serikali kabla ya siku 30 kupita.

Hatari kubwa ni wadanganyifu. Wao hutangaza chumba kizuri kwa bei ndogo, husema kwamba mwenye nyumba yu safarini, kisha huhimiza fedha zipelekwe upesi. Mwenye busara hatumi hata senti moja kabla yeye, au ndugu amwaminiye, hajaingia chumbani na kukiona. Ni afadhali alale majuma machache katika bweni la wanafunzi huku akitafuta.

Na kila alipapo, adai stakabadhi na kuiweka. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.