Kufundisha Maana ya Majina ya Mungu katika Nyimbo za Ibada za Kihindu

Mwanachuo mmoja niliyemkagua wakati wa mazoezi ya kufundisha kisiwani Goziba aliandika ubaoni majina sita: Hari, Govinda, Giridhara, Damodara, Ghanashyam, Nilakantha. Kisha akawataka wanafunzi wataje idadi ya miungu ya Wahindu. Wakajibu kwa sauti moja: sita. Mwandiko wake ulikuwa safi, sauti yake ilisikika hadi nyuma ya darasa, nami nikampa alama nzuri. Kosa lilikuwa langu kuliko lake. Matano kati ya majina yale humtaja mmoja tu, Krishna, ambaye Wahindu wengi humwona kuwa ni Vishnu aliyejidhihirisha duniani. Nilakantha, yaani mwenye koo la buluu, ndiye Shiva, aliyekunywa sumu ili viumbe wasiangamie.

Yafaa mwalimu aelewe kwamba katika nyimbo hizi jina ni kisa kilichofupishwa. Giridhara maana yake ni mwinua mlima. Indra, mwenye mvua, aliwakasirikia wachungaji akawaletea gharika. Krishna akauinua mlima Govardhana kwa kidole, na watu na ng'ombe wao wakajikinga chini yake. Mirabai, mwanamke wa ukoo wa kifalme wa Rajasthan katika karne ya 16, alipenda kumwita Mola wake kwa jina hilo. Anayeliimba huwa ameomba hifadhi, ingawa neno hifadhi hakulitamka. Damodara ni aliyefungwa kamba tumboni: mama alimfunga Krishna kwenye kinu kwa utundu wake wa kitoto. Wanafunzi watacheka, na waachwe wacheke. Kisha waulizwe: mwenye nguvu za kuinua mlima alishindwaje na kamba ya mama? Govinda, mchunga ng'ombe, halihitaji maelezo marefu katika nchi ya wafugaji.

Pa kuanzia papo karibu. Muulize mtoto wa Kihaya kama Ruhanga na Rugaba ni wawili. Atakwambia ni mmoja: jina la kwanza latokana na okuhanga, kuumba, la pili na okugaba, kutoa. Hata hivyo mwalimu asikimbilie kusema kwamba majina yote ni ya mmoja. Mugasha, ambaye katika imani ya kale ya Wahaya alikuwa mwenye ziwa na dhoruba zake, hakuwa Rugaba kwa jina lingine. Wahindu nao hawakubaliani wote juu ya uhusiano wa Vishnu na Shiva. Kazi ya mwalimu ni kueleza waumini wanasemaje. Kuwaamulia si kazi yake.

Jina lililonisumbua zaidi ni Ghanashyam, mweusi kama wingu la mvua. Ni jina la sifa la Krishna, na pia ndilo jina alilopewa utotoni Swaminarayan (1781–1830), ambaye ana wafuasi wengi miongoni mwa Wagujarati wa Afrika ya Mashariki. Sasa fikiri, ndugu mwalimu, mtoto wa Goziba anaposikia kwamba Mungu husifiwa kwa kufananishwa na wingu jeusi. Kwake yeye, wingu hilo likitokea ziwani, dagaa walioanikwa mchangani wataharibika, na baba aliye ndani ya mtumbwi yu hatarini. Atalielewa jina la upendo kuwa ni jina la tisho, na hakuna kamusi itakayomsaidia, kwa kuwa maneno yenyewe ameyaelewa barabara.

Kwa hiyo swali la kwanza liwe hili: kwenu wingu jeusi huleta nini? Yaandikwe majibu yote. Ndipo mwalimu aeleze kwamba Gujarat sehemu kubwa ya mvua ya mwaka mzima hunyesha kati ya Juni na Septemba. Kabla ya hapo ni jua kali, visima vimepungua, ng'ombe wamekonda. Huko mtu hutoka nje akalitazama wingu kama atazamavyo mgeni aliyengojewa siku nyingi. Mtoto akishayaona hayo, alirudie jina. Kipindi kimoja kwa jina moja kinatosha; yale sita ya mwanachuo wangu yalikuwa mengi mno.

Nilipopata nafasi ya kulifundisha somo hili mwenyewe mbele ya wanachuo, katika darasa la watoto wa wavuvi, nilimalizia kwa zoezi la kubuni jina la sifa. Niliwataka wamsifu mtu wamjuaye, si Mungu, maana kisiwani kuna wazazi wa dini mbalimbali na sikutaka kuwaudhi. Wengi walitaja nguvu na mali. Msichana mmoja akampa bibi yake jina la Mtangulia-wingu. Nikamwomba aeleze, lakini wenzake walikwisha kucheka kwa furaha: kila mmoja wao aliwahi kumwona bibi huyo akikusanya dagaa zake kabla ya tone la kwanza.