Namba ya Kutisha Kwenye Cheti cha Mbwa

Mfugaji wa mbwa katika Majengo ya Embu au ya Meru akikabidhiwa majibu ya maabara, macho hukimbilia namba iliyowekewa alama. Tuseme ni chembe sahani, zile zinazosaidia damu kugandana: cheti kinasema 45,000 kwa kila maikrolita, ilhali mbwa mzima huwa nazo kati ya 200,000 na 500,000 hivi. Kabla ya kununua dawa, uliza maswali matatu.

Kwanza, mashine ilipangiwa damu ya nani? Seli nyekundu za mbwa zina upana wa maikromita 7 hivi, karibu sawa na za binadamu. Za paka ni ndogo zaidi, na za mbuzi hazifiki hata 5. Mashine ya hospitali ya watu isiporekebishwa huweza kuzichanganya seli hizo ndogo na chembe sahani.

Pili, damu ilichukuliwa na kusafirishwaje? Isipochanganywa taratibu na dawa iliyo kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, huanza kuganda. Ikikaa saa nyingi njiani kuelekea maabara ya mifugo ya Kabete bila kutenganishwa, seli huendelea kula sukari, na cheti kitaonyesha sukari ya chini ambayo mbwa hana.

Kuhusu chembe sahani, darubini huamua. Mtaalamu hutandaza tone kwenye kioo, hulipaka rangi, kisha huchunguza ukingo wake mwembamba. Akikuta chembe sahani zimeshikana mafungu mafungu, huenda hazikupungua. Mashine ilishindwa kuzihesabu.

Tatu, mbwa yukoje? Ikiwa chembe ni chache kweli, naye ana homa, amekataa chakula, ana kupe na madoa ya damu kwenye ufizi au tumboni, daktari atashuku Ehrlichia canis, bakteria anayeenezwa na kupe wa kahawia wa mbwa na kujificha ndani ya seli nyeupe. Hutibiwa kwa doksisaiklini, kwa kawaida wiki 4. Ukichelewa, uboho unaweza kushindwa kutengeneza damu, na matibabu huwa magumu.

Kwa hiyo mweleze daktari umri wa mbwa, dawa alizopewa, saa damu ilipotolewa na kama ana kupe. Namba ikiwa ya ajabu lakini mbwa anakula na kucheza, omba kipimo kirudiwe. Akiwa amelegea na ufizi wake umepauka, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo. Usingoje cheti cha pili.