Umetoka kwenye kongamano, ripoti haiandikiki?

Hivi karibuni kijana mmoja anayeandika programu za kompyuta alinijia akiwa na hofu. Ofisi yake ilimpeleka kwenye kongamano la siku tatu la watu wa fani yake, na bosi alikuwa anasubiri ripoti. Kwa usiku wa pili alikuwa amekodolea macho daftari lililojaa mishale na sentensi nusu nusu, bila kuandika chochote. "Daktari, nimeanza kupoteza kumbukumbu?"

Nilimuuliza kwanza kuhusu usingizi. Siku zote za kongamano alilala kwa saa nne tu kila usiku. Tukiwa usingizini, ubongo huimarisha tuliyojifunza mchana. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba. Ukizipunguza, unapunguza pia kinachobaki kichwani.

Jambo la pili ni kuchelewa. Mwaka 1885 mtafiti Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe ya kukariri silabi zisizo na maana. Kwa kipimo chake, ndani ya siku moja karibu theluthi mbili ilikuwa imefutika. Mada unayoielewa hudumu zaidi, lakini nayo huanza kufifia mapema. Huo si ugonjwa.

Ufanye nini? Lala kwanza. Asubuhi, kabla ya kufungua daftari, chukua karatasi tupu uandike unachokumbuka: tatizo lililozungumzwa, suluhisho lake, na utakachojaribu kazini. Ukikwama, ndipo ulifungue. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Roediger na Karpicke, walionyesha kuwa wanafunzi waliojikumbusha walichosoma bila kukitazama walikumbuka zaidi baada ya wiki kuliko waliorudia kusoma. Kongamano lijalo, fanya hivyo dakika kumi kila jioni.

Pia, usijilazimishe kueleza kila mada. Tatu zinatosha kuanzia.

Hata hivyo, muone daktari iwapo usahaulifu unaendelea kwa wiki kadhaa ingawa unalala vizuri, unapotea njia uliyoizoea, au una huzuni isiyoisha au maumivu makali ya kichwa.

Kijana yule alilala kwa saa nane, akaamka na kuandika kurasa mbili kabla ya chai. Dawa sikumpa.